Nililiuza Gari la Marehemu Mtani Wangu

Nimeuza amana ya maiti. Naanza na hilo hilo, msije mkasoma nusu mkaanza kunionea huruma. Sikuvunja mlango wa mtu, sikunyemelea gizani. Nilichukua mchana kweupe, watu wamejaa jamvini, wanacheka na kunipigia makofi! Kosa ni langu mie, na wala shetani simsingizii.

Jina sisemi. Wanaonijua watanijua tu. Ni mwanamke wa makamo, nauza korosho na matunda pale Nyamwage, kando ya barabara kubwa, mabasi ya Lindi na Mtwara yanaposimama. Kwetu hasa ni Mbwera, kule Delta, na mdomo wangu huu unajulikana toka Mbwera mpaka Kibiti. Ndio ulioniponza.

Kwa wasiojua mambo yetu, nieleze kidogo. Ukoo wetu na ukoo wa marehemu Mzee Kassimu ni watani tangu enzi za mababu. Kwetu sie, mtani msibani ana ruhusa yake. Wenyewe wanalia, yeye anavaa kanzu ya marehemu, anatembea mwendo wa marehemu, anamsema marehemu ubahili wake na kukoroma kwake, mpaka watu wanacheka na machozi yako shavuni. Akipenda kitu cha marehemu, kofia, fimbo, redio, anakibeba. Hakuna wa kumwambia weka chini. Siku ya arobaini wenye msiba wanakikomboa kwa jogoo au doti ya kanga, mtani anakirudisha, mnakula wali pamoja, mambo yameisha.

Na mie kwa kazi hiyo, jamani, nilikuwa hodari! Msiba wa watani nikichelewa, watu wanaulizana nimefika wapi.

Sasa Mzee Kassimu alikuwa na gari. Msishtuke, gari lenyewe urefu wake shibiri na kidogo. La chuma, jekundu, mfano wa magari ya mashindano ya zamani, yale ya ujana wa baba zetu, viti viwili na halina paa. Milango inafunguka. Ukizungusha usukani kwa ncha ya kidole, matairi ya mbele yanageuka. Ukiinua boneti unaiona injini na vijiwaya vyake. Ujanani mzee alikuwa dereva wa Mzungu mmoja mhandisi huko Dar, na huyo Mzungu alikuwa nalo hilo gari lenyewe kubwa. Mzee aliliosha miaka na miaka, kuliendesha hakuruhusiwa hata kulitoa getini. Mzungu alipoondoka kurudi kwao akamwachia hili dogo, limo kwenye boksi lake.

Akaja nalo Mbwera. Akaliweka kwenye kabati la vioo, juu ya kitambaa cha kufuma. Kila Ijumaa akitoka msikitini analitoa, analifuta vumbi kwa kipande cha shuka, analirudisha. Watoto wakisogea anawaambia, "Hili si la kuchezea. Hili la kutazama."

Mwanawe Shabani hakutazama tu. Alipokuwa mdogo alilichukua akaenda kuliendesha kwenye tope, maji yalipokupwa, na mlango mmoja ukang'oka. Mzee alimpiga, kipigo ambacho Mbwera nzima tulikisikia. Halafu akamtamkia neno. Akamwambia, "Mkono wako usiguse tena kitu changu mpaka nife." Mtoto akachukuliwa na mjomba wake Tunduru, akakulia huko, akaoa huko. Kuja kwao hakuja. Salamu zilikuwa zinapitia kwa mama yake, Bi Zuhura.

Bi Zuhura huyo ni rika langu. Tumekua pamoja, tumetaniana tangu hatujavunja ungo. Yeye ananiita mchawi, mie namwita mke mwenzangu.

Mzee Kassimu akafa. Nikafunga meza yangu, nikashuka Nyamisati, nikapanda boti. Nilipofika uani nilikuwa nimeshalia njia nzima, maana mzee nilimpenda wallahi. Nikanawa uso, nikaingia kazini.

Nilivaa kanzu yake. Nikapita katikati ya jamvi nimekunja mgongo, nakohoa kikohozi chake. Jeneza lilipotaka kutoka nikalala mlangoni. "Hatoki mtu! Huyu alinikopa maneno matamu, hajamaliza kunilipa!" Shehe akakunja uso lakini akaniachia, naye ana watani zake. Wakanirushia kanga, nikainuka.

Waliporudi kutoka makaburini nikalifuata kabati. Nikafungua kioo, nikalitoa gari. Nikapiga magoti mkekani, nikaliendesha, vuuum, napiga honi kwa mdomo, nawagonga watu miguu. "Pisheni! Mzee Kassimu anakwenda ahera na gari lake, hataki kupanda na nyie kwenye mizigo!"

Lo, walivyocheka! Na kule chumbani, Bi Zuhura aliyekuwa hajafungua kinywa tangu asubuhi, nikamsikia na yeye. "Mchawi weye! Utaniua nikazikwe naye!"

Nikasimama katikati ya nyumba, gari juu. "Hili nalitaifisha!"

Wakapiga makofi. Nikaondoka nalo. Kwenye boti nililipakata kama mtoto, na abiria wakawa wananiuliza nauli ya gari nimelipa.

Hadi hapo sijakosa kitu. Nataka mlielewe hilo. Ningefia kwenye ile boti, ningekufa mtu safi.

Kesho yake Bi Zuhura akanipigia simu. Yumo ndani ya eda, hatoki, simu ndiyo miguu yake.

"Umefika, mchawi?"

"Nimefika, na gari langu limefika. Halijanywa hata mafuta."

Akacheka kidogo. Halafu akashusha sauti. "Sikiliza. Hilo gari mzee kaliusia. Kasema mbele yangu na mbele ya shehe, hili apewe Shabani. Na mwambieni mlango nimeutengeneza mwenyewe, kwa mkono wangu. Ndilo neno lake la mwisho lenye maana, mengine yalikuwa homa tu. Shabani nimempata. Anakuja kwenye arobaini."

Nikalitazama gari. Kweli, ule mlango ulikuwa umefungwa kwa waya mwembamba wa shaba, umesokotwa kiustadi, unafunguka na kufunga.

"Sasa mbona hukuniambia palepale?" nikamuuliza.

"Nikunyime mbele za watu? Na weye ni mtani? Nilijua litarudi."

"Basi aje na mbuzi! Mie jogoo sitaki!"

"Utapata hata ng'ombe," akasema. "Litunze tu."

Mnaona? Niliambiwa. Hakuna mahali ninapoweza kusema sikujua.

Ningeliweka kabatini, leo nisingekuwa naandika haya. Mie nikaliweka mezani, katikati ya pakiti za korosho. Kwa sifa tu! Basi likisimama, abiria wanashangaa, wanapiga picha, nami nawasimulia la Mzee Kassimu na ahera yake. Korosho zinanunuliwa. Nikazoea. Nikawa nikilitaja nasema gari langu, kwanza kwa mzaha, baadaye sijui kwa nini.

Siku moja saa nne asubuhi akasimama bwana mmoja na gari kubwa jeupe, mkewe kakaa mbele anajipepea. Akanunua korosho, akaanza kutafuna. Akaliona. Akaacha kutafuna.

Akalinyanyua kwa mikono miwili. Akaligeuza, akasoma maandishi ya chini.

"Mama, hili umelipata wapi?"

"Langu. Nimerithi."

Lilinitoka hivyo, jepesi, wala ulimi haukujikwaa.

"Unaliuza?"

"Hapa kila kitu kinauzwa isipokuwa mie."

Mkewe akacheka kule garini. Yeye hakucheka. Akataja pesa. Sisemi ngapi, maana mkizisikia mtaanza kunihesabia mie badala ya kunisikiliza. Niseme tu kwamba na mie niliacha kucheka.

Akaufungua ule mlango, akauangalia kwa karibu. "Huu waya nani kauweka? Kaliharibu. Nitautoa, niliagizie mlango wake halisi."

"Utoe tu," nikamwambia.

Utoe tu! Maneno yangu hayo. Kati ya yote niliyoyasema maishani kwa huu mdomo, hayo ndiyo yananirudia nikiwa nakoka moto, nikiwa nakunja shuka, nikiwa nimekaa tu.

Akalizungushia shati lake, akaliweka kiti cha nyuma, akalifunga mkanda. Akaondoka kuelekea Ikwiriri. Nami nikahudumia mteja mwingine.

Mtaniuliza niliwaza nini. Niliwaza hivi: hawa ni watani zangu. Nitakwenda nitawatolea maneno, watacheka, yatakwisha. Nitampelekea Shabani kuku wawili na kichekesho. Maisha yangu yote halikuwapo kosa langu ambalo kicheko hakikulifuta. Nilidhani kwa mtani hakuna wizi. Pesa nikanunua friji, nikawa nauza na maji baridi.

Arobaini ikafika. Nikaenda na kapu lina kuku wawili. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na njia nzima hayakupangika. Boti inakata kwenye mikoko, watu wanapiga soga, mie nimenyamaza. Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Leo mtani unaumwa?"

Naingia uani tu, kelele! "Huyooo! Dereva huyo! Gari kalificha wapi? Pekueni kapu!" Wakapekua, wakakuta kuku, wakacheka zaidi. "Kaligeuza kuku, mchawi huyu!"

Jamvini akainuka mtu mrefu, ndevu zina mvi, uso wa Mzee Kassimu mtupu. Sikuhitaji kuambiwa. Shabani akaja mpaka mbele yangu, ameshika jogoo mkubwa mweupe, na begani ametupia doti ya kanga mpya, karatasi yake bado. Akapiga goti moja, kama inavyotakiwa. Mtu aliyekulia Tunduru, utani wa kwao alikuwa hajausahau.

"Shikamoo mtani."

"Marahaba."

"Nimekuja kukomboa gari la baba. Mbuzi nimeambiwa umemtaka, nimemtafuta nimekosa, nakuomba umpokee jogoo." Watu wakacheka. Akaendelea, anatabasamu lakini midomo haimtulii. "Sikuja kumzika. Nilipigiwa simu wameshazika. Nikaambiwa kanitaja. Nikaambiwa lile gari kasema nilishike mie."

Nikasema, "Nimeliuza."

Wakaangua kicheko! Uani, jamvini, jikoni, kote.

Nikasema tena, "Nimeliuza, Shabani."

Wakacheka mpaka wengine wanashika mbavu. Mmoja akapiga kelele, "Umemuuzia nani, ahera?" Shabani na yeye anacheka, ananitazama macho kwa macho, anasubiri nimalize mzaha nilitoe.

Jamani, mshawahi kusema kweli ikawa haiaminiki kwa sababu ya mdomo wako mwenyewe? Mie nilisimama pale naungama, na kila nikiungama wanapiga makofi.

Ikabidi niape. "Wallahi nimeliuza. Barabarani. Kwa mtu nisiyemjua. Nimenunulia friji."

Msibani kwetu mtani haapi. Kuapa ni kuvua utani. Kicheko kikakatika upande wa jamvi kwanza, halafu jikoni, mpaka nikawasikia kuku ndani ya kapu.

Sauti ya Bi Zuhura ikatoka chumbani, nyuma ya pazia. "Mchawi. Sema unatania."

Nikalitazama pazia.

"Nambie unatania!"

Nilitaka kulia pale. Nilitaka nianguke, nigaragare, wanipige. Hakikuja kitu. Nilisimama wima, mikono imenining'inia, mwili wote umekufa ganzi toka utosini. Na hiyo ganzi, msomaji mwenzangu, mpaka leo haijanitoka.

Shabani alikuwa bado na goti chini. Akainuka polepole, akakung'uta mchanga. Akaniwekea jogoo mikononi, akanitundikia kanga begani.

"Chukua tu," akasema. "Ni haki yako."

Akatoka nje ya ua. Sijui alikwenda wapi. Wali ulipopakuliwa hakuwapo, na boti ya mchana ilipoondoka nilimwona amekaa mbele kabisa, na mie nimekaa nyuma kabisa, mpaka Nyamisati. Ule ujumbe wa mlango, kwamba baba yake aliutengeneza kwa mkono wake, sijui kama mama yake alimpa. Mie sikumpa. Ningeanzaje?

Nimemtafuta yule bwana. Kila gari kubwa jeupe likisimama naliendea, nachungulia kiti cha nyuma. Watu wameanza kuniona mwehu. Nilimtumia Bi Zuhura zile pesa kwenye simu, zote, nyingine nimeazima. Zikarudi siku ileile. Nilimpigia. Akapokea, akasema, "Nimesikia, dada. Usijali." Akakata.

Mmeliona hilo neno? Dada!

Sikupelekwa kwa mtendaji wala kwa kadhi. Sikutukanwa. Ndugu zangu wakasema, ah, kumbe hawana neno, ni watani bwana, umepona. Na mie kwa ujinga wangu nikaamini kidogo.

Halafu mwaka huu mama yangu akafa.

Tulimlaza pale pale Mbwera, kwenye nyumba yake. Watani walikuja. Walikuja wote, ukoo mzima wa Mzee Kassimu, na Bi Zuhura mbele, eda ilikwisha siku nyingi. Walivaa vizuri. Walivua viatu mlangoni, wakaingia mmoja mmoja, wakanipa mkono.

"Pole sana, dada. Mungu akupe subira."

"Poleni. Ni kazi ya Mungu."

Wakakaa. Nikasubiri. Nilikuwa nimeiacha kanga ya mama juu ya kitanda kusudi, na kibuyu chake cha tumbaku, na bakora yake nimeisimamisha karibu na mlango, karibu kabisa, mtu akinyoosha mkono tu anaibeba. Mama yangu alikuwa na mwendo wa kuchekesha, anaburuta mguu na kumsema kila mtu njiani. Mtoto mdogo angeweza kumuigiza! Nilikaa pale naomba Mungu mmoja wao ainuke aburute mguu. Aniite mwizi mbele ya watu, animwagie maji, abebe kila kitu ndani ya ile nyumba asirudishe maisha.

Hakuna aliyeinuka. Walisoma dua pamoja nasi, kwa sauti nzuri. Wamesaidia kupika, wamesaidia kuteka maji. Jeneza lilipoinuliwa nikatazama mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyelala pale, hakuna aliyedai kitu, hakuna aliyemsema mama yangu hata kidogo. Akapita moja kwa moja, haraka, kama mtu asiye na kwao.

Jioni wakaaga kwa heshima. Bi Zuhura alinishika mkono akaniambia nikihitaji chochote nimwambie. Alimaanisha kweli, namjua. Nikamwambia ahsante, dada.

Sikulia siku hiyo, na sijalia bado. Watu wanasema nina moyo mgumu. Sina moyo mgumu, sina kitu tu. Nauza korosho, narudisha chenji, wateja wananiambia zamani ulikuwa mchangamfu.

Nawaambia nyie mliojaliwa mdomo, nyie ambao mkiingia mahali watu wanaanza kucheka kabla hamjasema. Mtu akikuachia ukamate kitu chake na akacheka, hajakupa. Amekuamini. Kirudishe upesi, leo leo, kabla hujakizoea, na wakati wenyewe bado wanakucheka.